Dracula wa Bram Stoker: ni Vlad mwenyewe, au jina tu ndilo lililoazimwa?

#1 Msomaji wa Usiku
Wakuu, salaam. Kila mjadala wa Dracula, ile riwaya ya mnyonya damu, ukianza, wanaibuka watu wanaokataa kwamba Stoker alimchora Vlad III, mtawala wa Wallachia (kusini mwa Romania ya leo), yule aliyekuwa akiwachomeka maadui zake juu ya miti iliyochongwa. Mimi nashikilia kuwa ndiye. Jina ni lake. Baba yake aliitwa Dracul baada ya kuingizwa katika Chama cha Joka mwaka 1431, na mwana akaitwa Dracula. Halafu someni sura ya 18: Van Helsing, yule profesa anayemwinda Dracula, anasema huyu lazima awe yule voivode (mtawala) Dracula aliyejipatia jina kwa kupigana na Waturuki ng'ambo ya mto mkubwa. Kama si Vlad, ni nani? Mwenye ushahidi aje nao, nimetandika mkeka.

#2 Kalamu Nyeusi
Mkuu, anza na tarehe, jina litafuata. Karatasi za kazi za Stoker ziko Philadelphia, katika jumba la Rosenbach, lililozinunua mwaka 1970. Ni zaidi ya kurasa 100, nyingine za mkono na nyingine zimepigwa taipu. Ukurasa wa mwanzo kabisa wenye tarehe ni wa 8 Machi 1890. Humo tayari kuna kijana aliyesafiri, anawaona wasichana, mmoja anataka kumbusu, si mdomoni bali kooni, na mzee mwenye ngome anaingilia kwa ghadhabu akisema mtu huyu ni wangu. Maneno hayo ya "mtu huyu ni wangu" Stoker aliyarudia tena na tena kwenye karatasi zake hadi yakaingia kitabuni.

Sasa angalia kisichokuwemo. Vlad hayumo, Dracula hayumo, na hata Transylvania haijatajwa. Nchi aliyoipanga mwanzo ni Styria, huko Austria. Na kwenye orodha ya wahusika yule bwana aliitwa Count Wampyr; jina hilo likakatwa baadaye, likaandikwa Dracula. Mhusika alishakuwa na ngome, hasira na tamaa zake, ndipo akatafutiwa jina.

#3 Fundi Vitabu
Naongezea hapo kwa #2, kwa sababu hata mahali jina lilipopatikana panajulikana. Kiangazi cha 1890 Stoker na familia yake walikwenda kupumzika Whitby, mji wa bandari huko Yorkshire. Katika maktaba ya mji aliazima kitabu cha William Wilkinson, aliyewahi kuwa konseli wa Uingereza Bucharest, kuhusu Wallachia na Moldavia, chapa ya 1820. Akanakili hata namba ya kitabu kwenye rafu, 0.1097. Kwa hiyo hatubahatishi.

Anayetaka kujihakikishia afanye hivi. Chapa ya 1820 imeshapigwa picha na inapatikana bure mtandaoni. Fungua ukurasa wa 19 na usome tanbihi iliyo chini: inasema kwamba kwa lugha ya Wallachia Dracula maana yake ni Shetani, na kwamba watu wa huko walikuwa wakimpa jina hilo mtu yeyote aliyejipambanua kwa ushujaa, ukatili au werevu. Kisha chukua chapa ya karatasi za Rosenbach iliyotolewa mwaka 2008 na Robert Eighteen-Bisang na Elizabeth Miller, ina picha za kurasa zenyewe. Utakuta Stoker ameinakili tanbihi hiyo, na neno DEVIL ameliandika kwa herufi kubwa. Wengi hukwama kwa sababu wanatumia vitabu vya miaka ya 1970 vilivyoandikwa kabla karatasi hizi hazijachambuliwa ukurasa kwa ukurasa.

#4 Msomaji wa Usiku
Shukrani kwa maelezo. Lakini hamjanijibu. Huyo Dracula wa Wilkinson aliyevuka Danube kuwashambulia Waturuki ni Vlad, hakuna mwingine aliyefanya hivyo wakati wa Sultani Mehmed II. Stoker akichukua jina pamoja na vita, basi amemchukua mtu.

#5 Kalamu Nyeusi
Amechukua mistari michache, mkuu. Wilkinson anamwita "Voivode Dracula" tu, na anasema aliposhindwa akakimbilia Hungary, naye Sultani akamweka madarakani ndugu yake, ambaye Wilkinson anamwita *Bladus*. Umeona kilichotokea? Jina la Vlad kwa umbo la Kilatini amepewa ndugu! Ndugu aliyewekwa na Sultani katika historia ni Radu. Kwa hiyo msomaji aliyetegemea kitabu hicho hakuwa na njia ya kujua kwamba Dracula mwenyewe ndiye aliyeitwa Vlad.

Riwaya inafuata kosa lilelile. Sura ya 3, bwana wa ngome anamsimulia Harker, yule kijana msafiri, kuhusu ndugu asiyefaa aliyewauza watu wake kwa Waturuki. Neno Vlad halimo popote katika sura zote 27. Hakuna miti ya kuchomekea watu, hakuna Țepeș, lile jina la utani la Vlad lenye maana ya Mchomekaji. Mwandishi wa riwaya ya kutisha awe na habari ya maelfu ya watu waliochomekwa mitini halafu asiitumie hata mara moja? Na katika sura hiyohiyo anajiita Mszekely, kabila la Transylvania, wa uzao wa Attila, wakati Vlad alikuwa mtawala wa Wallachia, kusini ya milima, watu wengine kabisa.

#6 Bint Pwani
Mnabishana juu ya jina, lakini chanzo cha hadithi yenyewe kimewekwa wazi na neno moja alilolitaja #2: Styria. Carmilla ya Sheridan Le Fanu inatokea Styria. Ilitoka kwa mfululizo katika jarida la The Dark Blue mwaka 1871 hadi 1872, kisha ikaingia katika mkusanyiko In a Glass Darkly. Le Fanu alikuwa mmoja wa wamiliki wa gazeti la Dublin Evening Mail, gazeti lilelile ambalo Stoker alianza kuliandikia tahakiki za michezo ya jukwaani mwaka 1871, bila malipo. Haiwezekani hakuisoma.

Linganisheni vipande. Carmilla inaye mzee msomi mwenye elimu ya wanyonya damu, kaburi linafunguliwa, mwili umehifadhika, mti unapigwa moyoni, kichwa kinakatwa. Mnaye msichana anayedhoofika kitandani huku wakubwa wakidhani ni ugonjwa wa kawaida. Sasa mrudieni Lucy Westenra, msichana anayenyonywa damu na Dracula. Mimi naona Dracula ni jibu la Stoker kwa Mwayalandi mwenzake, amelipanua tu kutoka ngome moja hadi jiji la London.

#7 Mchambuzi wa Zamani
Bint Pwani umenena, ila mnyonya damu mwenye cheo na adabu za kiungwana hakuanza na Le Fanu. Alianza na John Polidori, The Vampyre, Aprili 1819, New Monthly Magazine, ikachapishwa kwa jina la Byron hadi Polidori akalazimika kulalamika. Hadithi hiyo ilitokana na wiki zilezile za mwaka 1816 kando ya ziwa Geneva zilizozaa Frankenstein. Kabla ya hapo mnyonya damu wa simulizi za vijijini Ulaya Mashariki ni maiti ya mkulima, imevimba, uso mwekundu, inanuka. Lord Ruthven wa Polidori ndiye aliyeingia sebuleni akakaribishwa kiti. Kisha ikaja Varney the Vampire, 1845 hadi 1847, kijitabu kila wiki kwa peni moja, na humo ndimo meno mawili yanaacha matundu mawili shingoni.

#8 Nahodha
Wakuu, mmekaa na vitabu tu. Nusu ya kutisha kwa riwaya hii iko baharini. Merikebu inayomleta Dracula inaitwa Demeter, inatoka Varna. Tarehe 24 Oktoba 1885 merikebu ya Kirusi iitwayo Dmitry, kutoka Narva, ilipanda ufukweni hapo Whitby kwenye dhoruba. Stoker aliipata habari kutoka kwa askari wa ulinzi wa pwani alipokuwa huko mwaka 1890, akaandika yote: schooner ya tani kama 120, upepo wa kaskazini mashariki wa nguvu ya 8, ikaingia bandarini kwa bahati tu ikikwepa miamba, na ndani imepakia mchanga mweupe.

Huo mchanga ndio unaonifanya niamini kwamba alikuwa fundi. Kitabuni Demeter nayo ina farumi (uzito wa kuituliza meli) ya mchanga mweupe, na juu ya farumi hiyo ndiyo yanakaa makasha 50 ya udongo. Baharia yeyote anajua meli isiyo na shehena nzito haiwezi kukabili bahari bila farumi. Makasha 50 ya udongo peke yake hayatoshi kuishikilia. Stoker hakubuni sababu ya kuijaza meli, aliichukua kama ilivyo, akabadilisha jina kidogo na kupindua herufi za Narva zikawa Varna. Kwa kufanya hivyo akapata bandari halisi ya Bahari Nyeusi, na safari ndefu ya kutosha, kutoka 6 Julai hadi usiku wa kuamkia 8 Agosti, ili mabaharia wapotee mmoja mmoja. Kutoka Narva kwenye Baltiki safari ingekuwa fupi mno.

#9 Fundi Vitabu
Nahodha umetufungulia. Naongeza: jina la Mzee Swales, yule mhusika anayepiga soga makaburini, alilitoa kwenye jiwe la kaburi hapohapo Whitby, alikuwa akinakili maandishi ya makaburi. Lafudhi ya mzee huyo aliitoa kwenye kamusi ya maneno ya Whitby, neno kwa neno, ndiyo maana hata Waingereza wenyewe inawashinda kuisoma.

#10 Karani Mstaafu
Nashangaa hakuna aliyegusa kazi ya mtu huyu. Kabla ya kuhamia London mwaka 1878, Stoker alikuwa mtumishi wa serikali Dublin Castle, na kitabu chake cha kwanza chenye uzito ni mwongozo wa makarani wa mahakama ndogo za Ireland, 1879. Sasa itazameni Dracula ilivyojengwa: shajara kwa hati mkato, barua, telegramu, vipande vya magazeti, sauti kwenye fonografu, kumbukumbu za meli, risiti za usafirishaji wa makasha. Mina, mke wa Harker, anachukua yote, anayapiga taipu kwa nakala tatu, anayapanga kwa tarehe. Dracula akiingia usiku nyumbani kwa Dk. Seward, mmoja wa wanaomwinda, kitu cha kwanza anachochoma ni jalada hilo na mitungi ya nta ya fonografu. Wanaokolewa na nakala iliyobaki ndani ya sefu.

Watasema mtindo wa nyaraka aliuiga kwa Wilkie Collins, The Woman in White. Kweli, wahakiki wa 1897 walishaliona hilo. Ila kwa Collins mashahidi wengi wanatoa ushahidi mambo yakiwa yameshakwisha. Kwa Stoker kuandika kwenyewe ndiyo silaha: wanajua makasha yako wapi kwa sababu mtu alifuatilia karatasi za mabawabu na madereva wa mikokoteni. Hiyo ni akili ya ofisini.

#11 Bint Pwani
Karani Mstaafu, hapo nimekukubali mia kwa mia. Lakini karani hapati ndoto ya wasichana watatu usiku.

#12 Karani Mstaafu
Ndoto hiyo nayo ina hadithi yake: eti alikula kaa wengi mno, akaota mfalme wa wanyonya damu akiinuka kaburini. Imeenezwa na mwandishi wa wasifu wake wa mwaka 1962. Kwenye karatasi za 8 Machi 1890 hakuna kaa wala kuota, kuna mpango wa kazi.

#13 Mama Tamthilia
Niwape chanzo kinachokaa mbele ya macho. Kwa miaka 27 Stoker alikuwa meneja wa Lyceum, ukumbi wa mwigizaji Henry Irving. Desemba 1885 Irving alipanda jukwaani kama Mephistopheles, yule shetani wa mchezo wa Faust, mrefu, mkavu, sauti ya kutawala, na mchezo ukaendelea kwa miaka. Stoker aliandika barua zake, akapanga ziara zake, akamsubiri hadi usiku wa manane. Mtu anayenyonya muda na nguvu za wenzake, nao wanamwabudu. Ukimsoma Dracula anavyoingia chumbani, unamwona mwigizaji mkuu anavyoingia kutoka pembeni ya jukwaa.

Na msisahau tarehe 18 Mei 1897, siku nane kabla kitabu hakijatoka. Kilisomwa jukwaani hapo Lyceum. Lengo lilikuwa kulinda haki ya tamthilia: sheria ya Uingereza ilimtaka mwandishi apate onyesho mbele ya watu, la sivyo mtu mwingine angeweza kukigeuza mchezo bila ruhusa. Stoker alikata karatasi za chapa za majaribio, akazigandisha, akaunganisha kwa mkono, akapata utangulizi na maonyesho matano. Mina alisomwa na Edith Craig, binti wa Ellen Terry. Nakala hiyo iliyogandishwa iko British Library hadi leo.

#14 Kalamu Nyeusi
Mama Tamthilia, hoja ni nzuri ila kipimo changu ni kilekile. Chanzo kikitajwa nauliza: kimo kwenye karatasi? Tarehe yake inatangulia kipande cha hadithi inachodaiwa kuzaa? Na kuna maneno yaliyohama kutoka kule kuja kitabuni? Wilkinson anapita yote matatu. Makala ya Emily Gerard ya 1885 kuhusu imani za Transylvania inapita pia: humo ndimo alimopata neno nosferatu, yaani mnyonya damu, na habari za mkesha wa Mtakatifu George. Kitabu cha Sabine Baring-Gould kuhusu mbwamwitu-watu, 1865, kinapita: nyusi zinazokutana, nywele kwenye viganja, meno yanayochomoza juu ya mdomo. Irving hapiti.

Wala Arminius Vambery, msomi wa Hungary anayesemekana kumpa wazo zima. Alikutana na Stoker 30 Aprili 1890, wiki saba baada ya ukurasa wa kwanza. Wala Elizabeth Bathory. Baring-Gould anamtaja bibi wa Hungary aliyeoga damu, Stoker kitabu alikisoma, lakini hakunakili lolote juu yake.

#15 Mama Tamthilia
Kipimo chako, mkuu, kinafaa kwa vitu ambavyo mtu huvitafuta maktabani. Hakuna anayejiandikia kumbukumbu juu ya bosi anayemwona kila siku. Ukosefu wa noti hapo haunishtui.

#16 Dawa ya Mji
Kwa mantiki ya #15, hata mama yake Stoker hayumo kwenye karatasi. Charlotte Thornley alikuwa Sligo wakati wa kipindupindu cha 1832, akamwandikia mwanawe maelezo marefu. Watu walizikwa kwa pupa, nyumba zikafungwa, na kuna askari mrefu ambaye jeneza lilimpungukia, wakanyanyua nyundo wamvunje miguu apate kuenea, pigo la kwanza likamwamsha. Maiti ambaye si maiti, ugonjwa unaosafiri kwa njia ya bahari, watu wanaokimbilia kufunga milango: yote hayo Stoker alikuwa nayo kabla ya kusoma kitabu chochote cha Transylvania. Kwenye mkusanyiko wake wa mwanzo wa hadithi za watoto, Under the Sunset, tayari kuna jitu lisiloonekana linalouua mji kwa tauni.

#17 Msomaji wa Usiku
Mimi bado nasimama na Van Helsing wa sura ya 18. Mhusika anasema "lazima awe yule".

#18 Kalamu Nyeusi
Na katika sura ya 3 Dracula mwenyewe anasema yule aliyevuka Danube alikuwa "mmoja wa uzao wangu", mtu mwingine. Sura ya 25 nayo inataja "mwingine wa uzao wake" aliyefuata baadaye. Kitabu hakijakubaliana chenyewe kwa chenyewe.

#19 Mjukuu wa Kitabu
Samahani wakuu, nauliza: Dracula's Guest ni sura ya kwanza iliyoondolewa au ni hadithi tofauti? Na ngome halisi ni Bran?

#20 Fundi Vitabu
Mjukuu, karibu. Mjane wake Florence aliichapisha mwaka 1914, akaandika kwenye utangulizi kuwa ni kipande kilichotolewa kwa sababu ya urefu wa kitabu. Wanaomuunga mkono wanaonyesha kwamba karatasi za mpango zina safari ya Munich kabla ya Transylvania. Wanaompinga wanasema msimulizi hana jina, hana woga wa Harker, na haandiki shajara. Ndani yake kuna kaburi la Countess Dolingen wa Gratz, Styria, kwa hiyo ile Styria ya Bint Pwani haikufutika yote.

Bran ni biashara ya utalii tu. Kitabu kinaiweka ngome karibu na njia ya mlimani ya Borgo, kaskazini, mbali kabisa na Bran. Stoker hakuwahi kufika Transylvania. Kama unataka jengo aliloliona kwa macho, tafuta Slains, Cruden Bay, Scotland, alikokuwa akienda mapumziko kuanzia miaka ya 1890. Lina ukumbi wa pande nane, na Harker anapitishwa kwenye chumba kidogo cha pande nane chenye taa moja.

#21 Nahodha
Chumba cha pande nane tu hakitoshi, Fundi. Majumba ya aina hiyo yalikuwa mengi.

#22 Karani Mstaafu
Mimi nina swali la tarehe. Karatasi zina kalenda, na siku za wiki zinalingana na mwaka 1893. Van Helsing mwishoni mwa Septemba anamtaja Charcot, daktari halisi wa Ufaransa, kama marehemu, na Charcot alikufa 16 Agosti 1893. Safi kabisa. Lakini maelezo ya mwisho ya Harker yanasema imepita miaka 7, na kitabu kilitoka Mei 1897. 1893 ukiongeza 7 unapata 1900. Nani ana maelezo?

#23 Kalamu Nyeusi
Wapo wanaosema ile miaka 7 iliongezwa mwisho kabisa pamoja na marekebisho ya mwisho wa kitabu. Mswada uliopigwa taipu, uliopatikana Pennsylvania miaka ya 1980 ukiwa bado na jina The Un-Dead, una aya ambayo haikuchapishwa: Dracula akishakufa, mlima unalipuka na ngome inamezwa na ardhi. Ilikatwa. Katika chapa ya 1897 ngome imesimama, na Harker na Mina wanakwenda kuitazama tena.

#24 Bint Pwani
Na wengine wanasema aya ilikatwa kwa sababu inafanana mno na hadithi ya Poe ya kuanguka kwa nyumba ya Usher. Wengine wanasema alitaka nafasi ya kitabu cha pili. Angalieni pia anavyouawa 6 Novemba: Harker anamkata koo kwa kukri (kisu kikubwa kilichopinda), mwenzake Quincey Morris anamchoma moyoni kwa kisu cha bowie, mwili unageuka vumbi. Hakuna mti, hakuna kichwa kilichotengwa kwa utaratibu aliofanyiwa Lucy, hakuna kitunguu saumu. Van Helsing anayejua kanuni zote yuko palepale na hasemi neno.

#25 Msomaji wa Usiku
Basi hilo nalo tulijadili, maana anageuka vumbi kabla jua halijazama, wakati sura za nyuma zinasema wazi kwamba hapo hawezi kubadili umbo.